Matokeo Kwenye Ukuta wa Kinyozi

Anavyosimulia Spika, kinyozi jirani yetu, waliteremka kutoka kwenye magari mawili meusi yasiyo na namba, nyuso wamezifunika, viatu vya jeshi miguuni, bunduki mkononi. Walipiga teke mlango wa ua, wakamtoa kaka yangu kifua wazi, naye akapigana nao kama simba. Spika mwenyewe alitoka na wembe wake akapaza sauti, "Mwacheni kijana wa watu!" Hapo mmoja wao akamwekea mtutu kifuani na kumwambia, "Rudi ukanyoe." Basi akarudi akanyoa. Angefanya nini?

Akifika hapo huzima mashine. Wateja wanaguna. Kuna mmoja lazima aseme, "Nchi hii imekwisha." Kisha mashine inawashwa tena.

Hiyo ilikuwa hadithi ya Jumamosi. Jumapili magari yakawa matatu. Jumatatu wembe ukawa mkasi, na kaka yangu akawa amevaa shati. Nilikuwa nasikia yote, kwa sababu kati ya duka la Spika na banda langu la kupigia pasi hakuna ukuta wa maana, ni ubao mwembamba ambao hata mtu akikohoa upande wa pili unamwambia pole. Mimi ni dobi. Nafua nyuma uani na kupiga pasi mbele. Umeme wetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo natumia pasi ya mkaa, na pasi ya mkaa haina kelele. Spika ana mashine na mdomo. Namwita mjomba kwa heshima tu. Hatuna undugu, tuna ubao.

Jina la Spika alipewa na mtaa kwa sababu habari ikimwingia sikioni, inatoka mdomoni imeongezwa sauti. Si mtu mbaya. Mama alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Lakini ukitaka jambo lisifike sokoni, usimwambie Spika, na ukitaka lifike likiwa limenona, mwambie.

Kaka yangu wanamwita Brashi. Anaandika mabango ya maduka, mabucha, magereji na shule za chekechea. Kwa Spika alichora vile vichwa vya mitindo vilivyopo juu ya kioo, na kila mteja huonyesha kwa kidole, "Ninyoe kama huyo," hata kama kichwa chake mwenyewe ni cha mraba. Kila kazi anayoifanya, Brashi huandika jina lake pembeni kwa herufi ndogo, na namba yake ya simu, ili anayependa amtafute. Na Spika ndiye aliyekuwa mpiga debe wake. Mteja akisifu tu mwandiko, Spika husimamisha mashine katikati ya kichwa, humtoa mtu nje na nusu upara wake, humwonyesha nyumba yetu, "Fundi yuko pale! Mwambie nimekutuma mimi." Ndivyo tunavyoishi hapa. Fundi mmoja humtangaza mwenzake. Hata mimi wateja wangu wengi wameletwa na mdomo wa Spika.

Siku ya kura tulipanga foleni shuleni tangu asubuhi. Baada ya kuhesabu, msimamizi wa kituo alisimama kwenye ngazi ya darasa akatusomea kura za kila mgombea, kwa sauti, nasi tumesimama nje ya kamba tunasikia. Mgombea wa upinzani alikuwa amemwacha mbali yule wa serikali. Watu walishangilia kidogo tu, kwa sababu askari walikuwa karibu. Brashi hakushangilia. Alikuwa akirudia zile namba midomoni kama mtu anayetumwa dukani.

Kesho yake redio ikatangaza matokeo kituo kwa kituo. Ilipofika kwetu, namba zilikuwa zilezile tulizozisikia. Wenyewe ndio waliobadilishana. Aliyeshindwa alikuwa amepewa za mshindi, na mshindi za aliyeshindwa.

"Huyu msomaji kashika karatasi juu chini," mteja mmoja alisema kule kwa Spika.

"Karatasi haina kosa," mwingine akajibu. "Tulioshikwa juu chini ni sisi."

Wakacheka. Siku ile bado watu walikuwa wanacheka. Jioni yake mtandao ukazimwa, na simu zetu zikawa tochi tu. Hakuna aliyeweza kumwambia mtu wa mtaa wa pili kwamba na kwake imekuwa hivyo hivyo. Ndipo nilipomsikia Spika akiita, "Brashi! We Brashi! Njoo uandike kwangu, ukutani, hapa mbele. Andika vile ilivyosomwa. Mwenye macho aje asome."

Brashi alipiga mistari kwa kamba ya chaki kama anavyofanya kwenye kazi ya mteja mkubwa. Akaandika kwa rangi ya buluu majina ya wagombea wawili, namba zao mbele, na chini yake: *Hivi ndivyo yalivyosomwa mbele yetu.* Nilitoka na pasi yangu mkononi kuangalia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata namba zilionekana zimenawa uso.

"Hujaweka jina," nikamwambia.

"Hii siyo biashara," akasema, akasafisha brashi kwa mafuta ya taa. "We mdogo, shati langu la kijivu lini?"

"Ukilileta likiwa halina rangi."

"Basi halitakuja."

Watu walifika kusoma. Walitoka mitaa ya mbali, wengine walisoma kwa sauti, wengine walisimama kidogo wakaondoka kichwa chini. Na mtu akishafika kwa kinyozi na nywele zake kichwani, ananyolewa. Spika alinyoa wiki ile kuliko sikukuu. Huku barabara kubwa kukawa na moshi wa machozi na milio, na redio ikisema hali ni shwari. Tulikuwa tunasikia milio na kusikia shwari kwa wakati mmoja. Askari hawakuingia uchochoro wetu. Walikuwa na kazi kubwa zaidi huko nje.

Mambo yalipoanza kutulia, maduka yakafunguliwa, ndipo Brashi akachukuliwa. Ilikuwa asubuhi, mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimepeleka nguo za wateja, na mama alikuwa kliniki na mguu wake. Niliporudi nilimkuta Spika amekaa kwenye ngazi ya duka lake, mashine inaunguruma peke yake ndani. Akaniambia, "Wamemchukua." Hakuongeza neno. Spika, hakuongeza neno! Maneno yalianza kesho yake.

Siku ileile Brashi alipochukuliwa, Spika alichanganya chokaa akapaka ukuta. Chokaa yenyewe ilikuwa nyepesi, na buluu ikawa inachungulia.

Mimi na mama tulianza kuzunguka. Kituo cha polisi cha kwanza walituweka kwenye benchi mpaka mama akasinzia. Alipoamka tukaitwa kaunta.

"Kazi yake?" askari akauliza.

"Anaandika mabango," mama akasema.

"Mabango ya nini?"

"Ya maduka, afande. Ya nyama, ya kunyoa."

"Basi kapata kazi mbali. Vijana wa siku hizi hawaagi, mama."

Mwenzake akadakia kutoka nyuma, huku anakunywa chai, "Mtafuteni kwa mwanamke."

Mama akamtazama. "Mwanangu akienda kwa mwanamke huwa anaoga kwanza," akasema. "Ndoo ya maji yake iko palepale mlangoni, imejaa."

Yule mwenye chai akacheka, kisha akaacha. Wa kaunta akasema, "Hapa hatuna mtu huyo," akaita anayefuata.

Vituo vingine vilikuwa na majibu hayohayo. Tukaenda hospitali, kisha tukaenda kule ambako hakuna anayetaka kwenda. Mhudumu alitufungulia, akatuonyesha, mmoja baada ya mwingine, nami nikawa namshika mama kiuno. Wengi walikuwa vijana. Brashi hakuwemo. Tulipotoka mama alisema, "Ashukuriwe Mungu," kisha akakaa chini pale pale kwenye changarawe akalia, kwa ajili ya wale waliokuwemo mle.

Mwanamke mmoja tuliyekutana naye pale, naye anamtafuta wake, ndiye aliyetuelekeza kwa wakili. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la dawa, na ngazi zilikuwa zimejaa akina mama wenye picha mikononi. Ni dada wa makamo, sauti imekauka kwa kusema. Mimi shule yangu iliishia ya msingi na maneno yake mengine yalinipita, lakini hili alilisema mara mbili ili nishike:

"Polisi wanasema hawana mtu huyo. Nitamwomba jaji awaamuru wamlete mbele yake. Jaji ataniuliza, nani alimwona akichukuliwa? Siwezi kumjibu kwamba mtaa mzima unasema. Mtaa haupandi kizimbani. Nahitaji mtu mmoja aliyeona kwa macho yake, aje aape, aseme alichokiona. Mmoja tu. Shauri ni Alhamisi asubuhi. Bila shahidi litatupwa, na likishatupwa, dada, kulirudisha ni shida."

"Mtu ninaye," nikamwambia. "Tena anasema kila siku."

Wakili hakufurahi kama nilivyotaka afurahi. "Wanaosema kila siku," akasema, "waangalie wanasema nini."

Mama alilishika lake moja tu, kwamba Alhamisi Brashi ataletwa mbele ya jaji. Tulipofika nyumbani alilitoa lile shati la kijivu akaliloweka. Alilisugua rangi kwenye kifungo cha mkono mpaka vidole vikawa vyekundu. "Utalipiga pasi vizuri," akaniambia. "Jaji asimwone mtoto wangu kama mhuni."

Sikumwambia kwamba mahabusu hawaletewi mashati. Nikasema, "Sawa, mama."

Nilikwenda kwa Spika, watu wamejaa. Nikamweleza mbele yao, nikidhani ndiyo njia nzuri. Akanyanyua mashine juu kama mtu anayeapa.

"Nitasema! Mbele ya jaji, mbele ya rais, mbele ya nani! Mimi namwogopa nani?"

"Mkeo," mteja akasema.

"Mke wangu nampenda, kumwogopa ni sehemu ya mapenzi. Hawa wengine siwaogopi." Wateja wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Watu walipokwisha kuondoka, alichungulia bandani kwangu. Nilikuwa napuliza majivu kwenye pasi.

"Mdogo wangu, hiyo Alhamisi," akasema. "Kuna mgonjwa."

"Nani anaumwa, mjomba?"

Akakuna shingo. "Hatakosekana."

Nikamtazama. Akatazama mkaa. "Tutaona, tutaona," akasema, akaondoka. Mama husema mdomo huponza kichwa, lakini wa Spika ulikuwa unakihama kichwa chake kabisa.

Jumanne jioni redio yake ilimleta msemaji wa serikali. Mwandishi alimuuliza kuhusu watu wanaodaiwa kuchukuliwa, na akataja mtaa wetu. Nikainua pasi kwenye nguo nisije nikaunguza. Msemaji alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Ndugu mwandishi," akasema, "wengine wanasema magari mawili, wengine matatu. Mara jeshi, mara polisi. Mara kijana alikuwa kifua wazi, mara na shati. Hizi ni hadithi za vinyozi. Serikali haijibu hadithi za vinyozi."

Kisha nikamsikia Spika akizima redio. Kisha, haki ya Mungu, nikamsikia akimwambia mteja, "Yalikuwa manne," na akaanza upya.

Nikawa nasikiliza. Si kwa hasira. Kupiga pasi kumenifundisha kutofanya haraka. Kunjo usilolilowesha halinyooki, hata uwe na moto wa jehanamu. Nilisikiliza Jumanne ile na Jumatano asubuhi, kila mteja na hadithi yake. Na nikaanza kuona kwamba kila kitu kinabadilika, magari, bunduki, nguo, hata hali ya hewa, na hakuna mtu mwenye uso. Ni jeshi la vitambaa.

Jumatano kabla ya adhuhuri alikuja fundi wa baiskeli wa pale kona, mtu mbishi.

"Wewe unasema wote wamefunika nyuso," akamwambia. "Basi hata ukiwaona kesho huwajui. Sasa umeona nini? Umeona matambara."

Spika hapendi kupuuzwa hadithi. "Simjui? Mkubwa wao namjua popote! Ana kovu huku, kisogoni, limepinda kama kwato, nywele hazioti kabisa pale. Hata ukiacha nywele ziwe ndefu, ukizipandisha tu, hilo hapo."

"Na wewe ulimpandisha nywele saa ngapi, na tambara limefunika kichwa chote?"

Mashine ikanyamaza.

"Kaa vizuri, nitakukata sikio," Spika akasema.

Niliitua pasi kwenye kigae chake. Mtu aliyefunika uso na kichwa, hutaona kovu chini ya nywele zake. Kovu la namna ile huonwa na mama mzazi, na mke, na kinyozi. Spika alikuwa amemnyoa yule mtu.

Nilisubiri fundi wa baiskeli amalize, alipe, atoke. Nikaingia dukani na kufunga mlango nusu, kama afanyavyo mwenyewe anapokula. Alikuwa anafagia nywele.

"Mjomba," nikasema, "yule mwenye kovu ulimnyoa lini?"

Akaendelea kufagia palepale palipokwisha kuwa safi.

"Mimi nanyoa watu wengi."

"Huyu."

Akaegemeza ufagio. Akakaa kwenye kiti chake cha kunyolea, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa, na kioo kikawa kinatutazama wote wawili.

"Alikuwa mpole," akasema. "Ungemwona ungempa chai. Shati safi, limepigwa pasi vizuri, hata nikasema moyoni huyu ana dobi mzuri. Akakaa hapa. Tukaongea mpira. Akauliza bei ya kodi za fremu mtaani, anataka kufungua duka la vipuri. Nikamnyoa. Namaliza, anajitazama, akatoka nje, akasimama mbele ya ukuta. Akasema, 'Mwandiko wa nani huu? Sijaona mwandiko kama huu.'"

Akageuza uso asijione kiooni.

"Pale hakuweka jina," akasema. "Kama angeweka jina, yule mtu asingeniuliza mimi. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi kwa ajili ya Brashi. Wiki nzima hakuna aliyempa kazi. Nikamshika mkono mpaka kwenye ngazi, nikamwonyesha mlango wenu. 'Fundi wangu yuko pale. Mwambie nimekutuma mimi.'"

"Ukamwambia hivyo."

"Kama ninavyowaambia wote."

"Akaenda?"

"Siku ile hapana. Alisema atarudi kesho na mwenzake, wapime. Kesho wakaja, wawili tu, gari dogo la rangi ya maziwa. Hakuna bunduki niliyoiona. Waligonga hodi. Brashi akatoka, wakasalimiana, akarudi ndani akachukua kopo lake la brashi na kamba ya chaki. Akanipungia mkono, akasema, 'Spika, kazi imepatikana!' Akakaa mbele, kiti cha mbele, na kopo mapajani. Nami nikampungia."

Nilishika ukingo wa meza yake ya poda. Nilikuwa nimemwona Brashi akiburutwa kila usiku nilipofumba macho, jinsi Spika alivyonisimulia, nikawa nimezoea. Huku kupunga mkono sikukuzoea.

"Ulijuaje kwamba si kazi?"

"Gari lilipogeuka, yule mwenzake aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akaukandamiza mlango wa mbele, akafunga kwa ndani. Brashi akageuka kumtazama. Niliona uso wake ulivyogeuka. Basi. Wakaenda."

"Na magari mawili? Na mtutu?"

"Ningewaambia nini watu?" akasema kwa sauti iliyopanda ghafla. "Niwaambie nilimwita mtu aje amchukue? Niwaambie nilimshika mkono?" Akajifuta uso kwa shuka la wateja, lenye nywele za fundi wa baiskeli, na nywele zikambaki shavuni. "Nilisema siku ile ya kwanza tu, ili mtu asiniulize. Nilitaka kuacha. Nilitaka kuacha kabisa."

"Mbona hukuacha?"

"Amerudi."

Sikuelewa. "Nani?"

"Huyo. Jumapili, ulipokuwa hospitali na mama. Alikaa hapohapo ulipoegemea, akasubiri zamu yake kama mtu yeyote. Akasikiliza namsimulia mwingine. Akaja kitini, akasema nywele zimekua."

"Zimekua kwa siku hizo?"

"Ndivyo alivyosema. Nikamnyoa. Wembe ulikuwa shingoni kwake, dada. Hapa. Na mwenye hofu nilikuwa mimi niliyeushika, yeye alikuwa ametulia kama mtoto anayenyonya. Nilipomaliza akasema, 'Una mdomo mzuri. Watu wanapenda hadithi zako. Endelea hivyo hivyo, usipunguze.' Akanipigapiga begani."

"Hukumuuliza kuhusu kaka?"

Akatikisa kichwa.

"Neno moja, mjomba. 'Yuko wapi.' Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Nje mtu alipita na mkokoteni, vyuma vikagongana. Nilikuwa nawaza ile redio, kicheko cha yule msemaji. Sikuwa nimejua kwamba uongo unaweza kulishwa na kufugwa hivyo, ukanenepeshwa na watu wenye uchungu wa kweli. Sisi wenyewe tulikuwa tumeubeba sokoni, kliniki, hata mimi nilimsimulia wakili yale magari mawili. Na kadiri tulivyopaza sauti ndivyo Brashi alivyozidi kuwa mtu wa hadithi.

Nilitaka kumtukana. Maneno nilikuwa nayo, mtu hakai jirani na kinyozi miaka yote hiyo akakosa maneno. Lakini Spika aliyetukanwa ni Spika aliyekimbia, na mimi nilikuwa na kesho moja tu.

"Mjomba," nikasema, "umeshamwambia mtu mwingine haya?"

"Hata mke wangu hajui."

"Basi nisikilize. Wakili anasema jaji atatupa shauri kama hakuna aliyeona. Wewe umeona kuliko nilivyofikiri. Unamjua sura. Unajua sauti yake, unajua kichwa chake kuliko anavyokijua mwenyewe, kwa sababu yeye hajawahi kuona kisogo chake. Unajua gari. Siku zote hizi sisi tunatafuta jeshi zima, na kumbe ni mtu mmoja mwenye shati safi."

"Wataniua."

Sikumwambia hawatamuua. Ningelijuaje hilo?

"Wakili anasema unaweza kusema mbele ya jaji kwenye chumba chake, pasipo watu," nikasema. "Na anasema mtu akishajulikana kwamba amesema, ni vigumu zaidi kumgusa. Sijui kama ni kweli. Ndivyo alivyosema."

"Nina watoto."

"Nawajua watoto wako. Nawafulia sare."

Akafumba macho. Kwenye kioo niliona vile vichwa alivyovichora Brashi, vimepangwa juu yetu, vimenyolewa vizuri, vyote vinatazama upande mmoja.

"Mama anajua?" akauliza.

"Mama amelifua shati. Liko bandani, bado sijalipiga pasi. Anadhani kesho atampelekea alivae mbele ya jaji."

Akageuka akautazama ubao, kama anayeliona.

"Sikuja kukulaumu, mjomba," nikasema. "Kulaumiana tutalaumiana baadaye, Brashi akiwepo, naye aseme lake. Nakuomba kitu kimoja. Kesho asubuhi njoo mahakamani na sisi. Tutapita kukuchukua, mimi na mama. Ukifika useme hivi hivi ulivyoniambia mimi. Usiongeze gari. Usiongeze bunduki, wala usimpiganishe. Sema walikuwa wawili, waligonga hodi. Sema ulimwonyesha mlango. Sema na kovu."

Mlango uliofungwa nusu ukasukumwa. Mzee mmoja mteja wa siku zote akaingiza kichwa, kofia mkononi.

"Kuna foleni humu, au mnasengenya watu?"

Spika akainuka upesi kwenye kiti. Akakung'uta shuka, akalikunja, akalikunjua tena. "Karibu, mzee, karibu. Hakuna foleni," akasema, na sauti ilikuwa ile ya kila siku, kubwa, ya kufika barabarani. Mzee akapita mbele yangu na kuketi, akarudisha kichwa nyuma.

"Haya, Spika," akasema akiwa amefumba macho. "Hebu nisimulie vizuri ile ya kijana Brashi. Nimesikia yalikuwa magari manne."

Spika alimfunga shuka shingoni. Mikono yake ilibaki pale kwenye fundo, haijui iende wapi. Hakunitazama mimi, alikuwa akitazama utosi wa yule mzee.

Nilisogea karibu naye mpaka bega langu likagusa lake, nikamuuliza kwa sauti ya chini:

"Mjomba, tukupitie?"